Poka ya Fedha Mtandaoni: Masharti Manne ya Kupima Kabla ya Kuweka Shilingi ya Kwanza

Katika vikao vya vijana parokiani, na hata katika mazungumzo ya mafrateri wakati wa mapumziko, swali moja hurudi mara kwa mara: je, Mkristo anaweza kucheza karata za fedha kwenye simu? Zamani swali lilihusu mikeka ya mpira. Siku hizi linahusu pia poka. Kijana huambiwa na rafiki yake kwamba poka haifanani na kubeti, kwa sababu poka inahitaji akili. Huonyeshwa programu ya kupakua, huonyeshwa namna ya kuweka fedha, na huahidiwa bonasi ya kuanzia. Akiuliza ushauri, mara nyingi hupata majibu mawili. Wa kwanza humwambia kwamba hiyo ni kazi ya shetani, asiulize zaidi. Wa pili humwambia kwamba ni mchezo tu, acheze. Majibu yote mawili humwacha bila kipimo.

Somo hili linakusudia kumpa kipimo. Kwanza tutaeleza jinsi poka inavyochezwa na jinsi mtu anavyoanza kuicheza kwa fedha halisi. Pili tutafanya hesabu ya meza. Tatu tutatazama mafundisho ya Kanisa na masharti manne ambayo wanataalimungu wa maadili wamezoea kuyatumia wanapopima michezo ya dau. Mwisho tutazungumza na waseminari, na pia na ndugu ambaye tayari ameshaanza na anaona kuacha ni vigumu. Bwana wetu alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama (Lk 14:28-30). Tuketi basi, tuhesabu.

1. Mchezo wenyewe

Aina ya poka inayochezwa zaidi duniani huitwa Texas Hold'em. Hutumia karata 52 zilezile tunazozifahamu: shupaza, kopa, uru na pau. Kila mchezaji hupewa karata mbili ambazo wenzake hawazioni. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza: kwanza tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja ya mwisho. Hizo tano ni za wote. Kila mchezaji huunda fungu lake bora la karata tano kutoka katika hizo saba. Jozi moja hushindwa na jozi mbili, jozi mbili hushindwa na karata tatu zenye namba moja, na ngazi huendelea kupanda hivyo.

Kabla ya karata kugawiwa, wachezaji wawili hulazimika kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa, na zamu hiyo huzunguka meza. Kisha kila mmoja huamua: kutupa karata zake, kufuata dau lililopo, au kulipandisha. Kuna duru nne za kuamua hivyo. Fedha zote zinazowekwa hukusanyika katikati na kuwa kitita. Mwenye fungu bora hubeba kitita. Lakini kama wote wametupa isipokuwa mmoja, huyo hubeba bila kuonyesha karata zake. Hapo ndipo kuzuga kunapoingia: mwenye karata dhaifu hupandisha dau ili wenzake waogope na kuondoka.

Ni kweli basi kwamba poka ina ujuzi ndani yake. Mchezaji mzuri hujua uwezekano wa kila karata, hujua lini atupe, na huwasoma wenzake. Lakini bahati nayo ina sehemu kubwa kuliko mgeni anavyodhani. Karata mbili bora kabisa za kuanzia ni ree mbili, na mchezaji hupewa hizo mara moja katika kila mara 221 kwa wastani. Hata akizipata, zikipambana mpaka mwisho na karata mbili zozote za mpinzani mmoja, hushindwa karibu mara 15 katika kila 100. Kwa hiyo mtu anaweza kufanya kila kitu sawasawa akapoteza fedha yake yote kwa usiku mmoja. Na mtu anaweza kufanya kila kitu vibaya akashinda.

Jambo hili la mwisho ndilo la hatari zaidi kwa anayeanza. Kijana anayepoteza usiku wa kwanza huenda akaacha. Anayeshinda usiku wa kwanza huamini kwamba ana kipaji, na kuanzia hapo kila hasara huiita bahati mbaya, na kila ushindi huuita akili yake. Mchezaji huhitaji maelfu ya migao kabla ya kujua kwa uhakika kama ni hodari au la. Wengi fedha zao huisha kabla ya jibu kufika.

2. Jinsi mtu anavyoanza

Kuanza ni rahisi, na urahisi huo umepangwa. Mtu hupakua programu, huandika jina na tarehe ya kuzaliwa, hutuma picha ya kitambulisho, kisha huweka fedha. Hapa kwetu Tanzania michezo ya kubahatisha husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ziko meza nyingi za mtandaoni zinazoendeshwa kutoka nchi za mbali bila leseni ya hapa. Fedha ikizuiliwa huko, mchezaji hana ofisi ya kwenda kugonga mlango.

Programu nyingi hutoa kwanza meza za fedha za kuigiza. Kijana hucheza hapo wiki mbili, hushinda sana, na kujiona yuko tayari. Hajui kwamba kwenye meza hizo watu hucheza ovyo kwa sababu hawana cha kupoteza. Akihamia kwenye meza ya fedha halisi, hata ya dau dogo kabisa, hukutana na watu wa aina nyingine.

Kuhusu bonasi, tuseme wazi. Bonasi ya poka kwa kawaida haitolewi mkononi. Mchezaji huandikiwa kiasi fulani, kisha hufunguliwa kidogo kidogo kadiri anavyocheza na kukatwa. Yaani ili apate hiyo zawadi lazima akae mezani muda mrefu. Zawadi hiyo ni kamba.

Kisha kuna mwendo. Kwenye meza ya kawaida, mgawaji akichanganya karata kwa mkono, watu hucheza migao kama 25 au 30 kwa saa. Mtandaoni meza moja hupita 60 kwa saa, na mchezaji huruhusiwa kufungua meza kadhaa kwa wakati mmoja. Fedha ambayo ingechukua wiki kupotea huweza kupotea kabla ya kengele ya sala ya jioni.

3. Hesabu ya meza

Watu wengi hudhani kwamba poka ni mapambano kati ya wachezaji tu, na kwamba kampuni inawapa nafasi ya kukutana. Lakini kampuni haifanyi hivyo bure. Katika kila kitita kinachofikia hatua fulani hukata asilimia ndogo. Katika mashindano hutoza ada juu ya kiingilio. Hayo ndiyo makato, na tunaomba msomaji achukue kalamu.

Tuchukue mfano wa meza yenye watu sita, kila mmoja ameketi na shilingi 20,000. Jumla mezani ni shilingi 120,000. Tuseme wanacheza migao 60 kwa saa, kitita cha wastani ni shilingi 3,000, na kampuni inakata asilimia 5, yaani shilingi 150 kwa kila mgao. Kwa saa moja makato ni shilingi 9,000. Kwa saa nne ni shilingi 36,000. Watu wale sita sasa wana jumla ya shilingi 84,000. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyenunua kitu, hakuna kilicholimwa wala kushonwa wala kujengwa, na shilingi 36,000 zimeondoka. Wakiendelea bila mtu mwingine kuleta fedha mpya, siku itafika ambapo meza haina kitu.

Kutokana na hesabu hii tunajifunza mambo mawili. La kwanza: wachezaji wote kwa pamoja lazima wapoteze. Anayetaka kuwa na faida hahitaji kuwashinda wenzake tu, anahitaji kuwashinda kwa kiasi kinachozidi makato. La pili: kila shilingi ambayo mshindi anaipeleka nyumbani imetoka mfukoni mwa mtu aliyekuwa ameketi naye. Mkulima akiuza mahindi, yeye anapata fedha na mnunuzi anapata chakula. Fundi akishona sare ya shule, wote wawili wanaondoka na kitu. Mezani pa poka mmoja huondoka na fedha na mwingine huondoka na pengo.

Wanaotangaza mchezo huu hupenda kusimulia habari ya Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani. Mwaka 2003 alipata nafasi katika mashindano makubwa ya Las Vegas kupitia mashindano madogo ya mtandaoni, akashinda dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli, na ilivuta umati: washiriki wa mashindano hayo walikuwa 839 mwaka ule, na mwaka uliofuata walikuwa 2,576. Lakini fedha ile ilitoka wapi? Kiingilio kilikuwa dola 10,000 kwa kila mshiriki. Walio wengi kati ya wale 838 waliobaki walirudi nyumbani bila kitu, na hakuna anayewasimulia.

4. Kanisa linafundisha nini

Kanisa halijawahi kufundisha kwamba karata zenyewe ni dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa yake, anafundisha kwamba roho ya mwanadamu inahitaji mapumziko kama mwili unavyohitaji, na kwamba kuna fadhila inayoongoza michezo na utani ili viwe na kiasi. Frateri asiyeweza kucheza na kucheka na wenzake naye ana kasoro.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inaizungumzia michezo ya bahati na dau ndani ya maelezo ya Amri ya Saba. Inafundisha kwamba michezo hiyo yenyewe haipingani na haki. Inakuwa haikubaliki kimaadili pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa ajili yake mwenyewe na kwa ajili ya wengine. Inaonya pia kwamba tamaa ya kamari inaweza kugeuka kuwa utumwa, na kwamba udanganyifu katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara iwe ndogo kiasi kwamba aliyeipata hawezi kwa haki kuiona kuwa kubwa. Tuzingatie mahali mafundisho haya yalipowekwa. Yako chini ya amri inayokataza kuiba. Swali la kwanza la Kanisa kuhusu kamari ni swali la haki: ni ya nani fedha hii, na imetoka kwa nani?

Kwa msingi huo wanataalimungu wa maadili wamezoea kudai masharti manne ili mchezo wa dau uwe halali. Fedha iwe mali ya mchezaji kweli, naye awe huru kuitumia. Kila anayecheza acheze kwa hiari yake. Pasiwe na udanganyifu. Na pawe na usawa wa kuridhisha kati ya wachezaji. Tuyapime moja baada ya jingine.

5. Sharti la kwanza: fedha ni yako kweli?

Fedha iliyo kwenye simu ya baba wa familia si yake peke yake. Ndani yake kuna ada ya mtoto, kuna dawa ya bibi, kuna kodi ya nyumba na zaka ya Jumuiya. Fedha ya mwanafunzi ni jasho la wazazi waliouza gunia la mahindi wakamtumia. Fedha ya kikundi cha kuweka na kukopa, iliyo mkononi mwa mweka hazina kwa siku tatu tu, si yake hata kwa dakika tatu. Na fedha ya mkopo wa simu ni deni tayari kabla haijafika mezani.

Kwa hiyo sharti hili haliulizi kama fedha iko kwenye laini yako. Linauliza kama ikipotea yote leo usiku, yuko mtu atakayelala njaa, atakayerudishwa nyumbani kutoka shuleni, au atakayekudai. Kama yuko, umeweka dau la mtu mwingine bila kumwuliza.

6. Sharti la pili: ni kwa hiari?

Anayeanza hakika huanza kwa hiari. Lakini hiari ya usiku wa kwanza si hiari ya mwezi wa sita. Mchezaji aliyepoteza hushikwa na hamu ya kurudisha, na anapofukuzia hasara huweka dau kubwa zaidi akiwa na akili ndogo zaidi. Wacheza poka wenyewe wanaijua hali hiyo na huiogopa, na walio hodari huisubiri kwa wenzao. Tukumbuke kwamba katika meza hii faida kubwa hutoka kwa yule aliyeshindwa kujizuia. Mtu anayecheza saa nane za usiku akiwa na hasira na deni hayuko huru kama yule anayemtazama kwa utulivu kutoka upande wa pili.

Hapa pia Mtakatifu Tomaso anatusaidia. Akizungumzia sadaka zinazotolewa kutokana na mali iliyopatikana isivyo halali, anataja faida ya kamari. Anasema ipo faida ambayo sheria ya Mungu inaikataza na ambayo lazima irudishwe: iliyopatikana kwa mtu asiye na uwezo wa kutoa mali yake, kama mtoto, iliyopatikana kwa hila, na iliyopatikana kwa kumvuta mwingine aingie mchezoni kwa tamaa ya kujipatia fedha yake. Programu nyingi leo humwahidi mchezaji malipo akimwalika rafiki. Kijana hutuma kiungo kwenye kundi la kwaya, na kila rafiki anayeweka fedha humletea kamisheni. Tumwambie kwa upendo: huo ni wito wa kumvuta ndugu yako mezani ili wewe upate. Hata kama wewe mwenyewe hupotezi kitu, hapo umeingia katika jambo zito.

7. Sharti la tatu: pasiwe na udanganyifu

Mezani nyumbani unaona mikono ya wenzako. Mtandaoni unaona jina la kubuni na picha ndogo. Hujui kama watu wawili kati ya watano unaocheza nao wako chumba kimoja wakionyeshana karata. Hujui kama mmoja wao si mtu bali kompyuta. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walionyesha programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa katika poka ya watu sita. Kampuni zinazosimamia meza hukataza kompyuta kucheza na huzisaka, lakini mchezaji wa kawaida hana njia yake mwenyewe ya kuhakikisha.

Historia nayo imetufundisha. Mwaka 2007 na 2008 iligunduliwa kwamba katika meza mbili zilizojulikana sana, Absolute Poker na UltimateBet, walikuwapo watu walioweza kuona karata zilizofichwa za wenzao. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifunga tovuti kubwa za poka na kuwashtaki waendeshaji wake, siku ambayo wachezaji huiita Ijumaa Nyeusi. Miezi michache baadaye waendesha mashtaka walidai kwamba Full Tilt Poker ilikuwa inadaiwa na wachezaji wake dola milioni 390 kama hivi, huku benki ikiwa na milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walisubiri hadi mwaka 2014 kuanza kurudishiwa, na hilo liliwezekana kwa sababu serikali yao iliwafuatilia wahusika. Hatusemi kwamba kila meza ni ya wezi. Tunasema kwamba sharti la tatu linataka uhakika, na anayeanza hana uhakika huo.

8. Sharti la nne: usawa

Mtu mmoja hucheza kwa simu yenye kioo kilichopasuka, bando likielekea kuisha. Mwingine ameketi mbele ya kioo kikubwa, amefungua meza sita, ana rekodi za maelfu ya migao ya wapinzani wake, na amesoma mchezo huu kwa miaka kumi. Wote wawili wameweka shilingi 20,000. Dau ni sawa, lakini mchezo si sawa.

Hapa ndipo hoja ya rafiki yetu, kwamba poka inahitaji akili, inapomgeukia. Kama poka ni bahati tu, makato yatakumaliza polepole. Kama poka ni ujuzi, basi mwenye ujuzi atakumaliza haraka zaidi, na siku ukiwa wewe mwenye ujuzi utaishi kwa kuwatafuta wasio nao. Wachezaji wa kulipwa husema bila kuficha kwamba kuchagua meza yenye wachezaji dhaifu ni sehemu ya kazi yao. Mkristo ajiulize kama anaweza kuamka kila asubuhi na kwenda kumtafuta aliye dhaifu kuliko yeye, kisha jioni aketi mbele ya maneno ya Bwana, kwamba tuwatendee wengine kama tunavyotaka watutendee sisi (Mt 7:12).

Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha maisha ya ibada kilichotolewa mwaka 1609, aliitenga michezo ya ustadi na michezo ya bahati. Ya kwanza aliiruhusu, lakini aliweka mipaka: isichukue muda mwingi, na dau lisiwe kubwa, kwa kuwa si haki kuweka thamani kubwa juu ya ustadi usio na faida kwa yeyote. Kipimo hicho kinatosha hata leo. Marafiki wanne wakicheza karata sebuleni, anayeshindwa akanunua soda, mchezo umebaki mchezo. Soda ikigeuka ada ya muhula, karata ni zilezile lakini jambo limebadilika.

9. Kwa waseminari

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 138, uliwakataza makleri waziwazi kujihusisha na michezo ya bahati yenye dau la fedha. Mkusanyo wa mwaka 1983 haukurudia maneno hayo, lakini kanuni ya 285 inawataka makleri wajiepushe na yote yasiyofaa hali yao, na kanuni ya 282 inawaita kwenye maisha ya kawaida yasiyo na anasa. Mseminari bado si kleri mpaka apewe ushemasi, lakini anajiandaa kuwa mmoja. Siku moja atakabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka, daftari la nia za Misa na michango ya kujenga kanisa. Waamini watampa fedha bila kudai risiti kwa sababu ni padre. Kijana aliyezoea kurudisha hasara ya jana kwa fedha ya leo asidhani kwamba daraja takatifu litamponya tabia hiyo lenyewe. Malezi ni wakati wa kuponywa, na mlezi au baba wa kiroho yupo kwa ajili hiyo.

10. Kwa aliyekwisha kuanza

Ndugu, wewe unayesoma sehemu hii kwa siri, usikate tamaa. Kanisa lina mtakatifu anayeijua hali yako. Camillus de Lellis alizaliwa Bucchianico, Italia, mwaka 1550. Alikuwa askari, na karata na dadu vilimtawala. Aliwahi kufukuzwa hospitalini Roma alikokuwa akitibiwa na kufanya kazi, kwa ugomvi na karata. Mwaka 1574 huko Napoli alipoteza yote, na mapokeo yanasema alipoteza hata shati alilovaa. Akawa kibarua wa ujenzi kwa Wakapuchini, na tarehe 2 Februari 1575 neema ilimgusa. Baadaye alianzisha shirika la watumishi wa wagonjwa, Wakamiliani, wenye nadhiri ya nne ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa kuhatarisha maisha. Alifariki mwaka 1614, akatangazwa mtakatifu mwaka 1746, naye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi. Mtu aliyekesha mezani kwa karata akawa mtu anayekesha kando ya vitanda.

Tunashauri hatua hizi. Kwanza, usirudi kutafuta ulichopoteza. Fedha ile imekwisha kwenda, na kuifuata ni kuipelekea mwenzake. Pili, omba kampuni ikufungie akaunti, kisha futa programu. Tatu, mwambie mtu mmoja ukweli wote, pamoja na kiasi cha deni: mke au mume, mzazi, paroko, mlezi. Kamari huishi kwa siri na hudhoofika ikitajwa. Nne, kwa muda fulani mwombe mtu unayemwamini akutunzie fedha, ubaki na nauli na chakula. Tano, nenda kwenye kitubio, na kama ulitumia fedha ya mwingine, panga kuirudisha hata kwa kidogo kidogo, kwa kuwa haki inadai hivyo. Sita, ukiona huwezi kulala wala kufanya kazi, mwone mtaalamu wa afya ya akili. Katekisimu imeita hali hii utumwa, na mtumwa huhitaji msaada wa kufunguliwa, hafunguki kwa kugombezwa.

Nanyi wana Jumuiya, anapojitokeza mtu kama huyu, msimkimbize kwa maneno. Familia yake inahitaji unga wiki hii.

11. Hitimisho

Aliyetuuliza kama anaweza kuanza kucheza poka ya fedha mtandaoni, tunamrudishia masharti manne. Fedha iwe yako kweli, uwe huru, uwe na uhakika hakuna hila, na uwe sawa na unaocheza nao. Kwenye meza ya mtandaoni anayeanza huweza labda kutimiza sharti la kwanza akiwa na ziada kweli. La pili hulilinda kwa shida. La tatu na la nne hana uwezo wa kuyahakikisha. Kwa hiyo ushauri wetu ni asianze. Kama anapenda karata, awaite jirani zake, waketi chini ya mwembe, wacheze bila dau au kwa soda, na saa ya sala ikifika wazikunje.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika fedha inayopita mikononi mwako kwa mwezi, ni kiasi gani unaweza kusema mbele ya Mungu kwamba ni chako na huna unayempunguzia ukikipoteza?

2. Je, umewahi kutuma au kupokea mwaliko wa mchezo wa fedha wenye kamisheni? Mafundisho ya Mtakatifu Tomaso yanakudai nini?

3. Kuna tofauti gani kati ya faida ya fundi au mkulima na faida ya mshindi wa poka? Je, bahati nasibu ya kuchangia ujenzi wa kanisa inapita masharti manne?

4. Jumuiya yenu inaweza kufanya nini, kwa siri na kwa heshima, kwa familia ambayo mmoja wao ametekwa na kamari?

Mtakatifu Camillus de Lellis, utuombee.